Zamu ya Daku

Mwanamkuu hakuwa na ugomvi na mtoto Siwema. Hilo alilisema mara nyingi mno, kwa majirani na kwa nafsi yake, mpaka majirani wakaanza kujiuliza ni nani aliyemuuliza. Siwema alikuwa binti wa mke mwenziwe, Mwamvita, na alimtangulia Zamda, binti wa Mwanamkuu mwenyewe, kwa wiki sita tu. Wiki sita hizo ndizo zilizomkaa Mwanamkuu kooni kwa miaka kumi na saba. Yeye ndiye aliyeolewa kwanza na Mabruki fundi cherehani, yeye ndiye aliyekaa miaka mitano akihesabu miezi, na Mwamvita alipoletwa akashika mimba hata hina ya harusi haijafutika miguuni. Mimba ya Mwanamkuu ilikuja baada ya hapo. Mtoto wa kwanza wa nyumba akawa wa mke wa pili.

Nyumba yenyewe ilikuwa Cheyo, mtaa wa Tabora, vyumba vikitazamana na ua katikati, jiko moja na kisima cha jirani. Mabruki alikuwa mtu wa haki za waziwazi. Akinunua kitambaa, aliwakatia mabinti wote wawili gauni kutoka jora moja, mshono mmoja, vifungo sawa, ili asisikie neno. Wake zake aliwapangia zamu za siku mbili mbili: mwenye zamu alipika, alilala na mume na alibeba shughuli zote za nyumba. Kwa mizani yake mambo yalikuwa sawa. Lakini hakuna fundi anayeweza kukata urefu wa watoto, na Siwema alirefuka mpaka akawa anainama mlangoni, Zamda akabaki mfupi, mnene wa mapaja, na miguu isiyotulia.

Wote wawili walimaliza darasa la saba na hakuna aliyechaguliwa kuendelea na masomo. Wangekaa ua ule wakisubiri posa kama si Mwalimu Getruda. Huyu alikuwa mwalimu mwanamke, Mkatoliki, kwao upande wa Kipalapala, mwenye filimbi shingoni na baiskeli ya kiume. Nyuma ya shule alichimbia nguzo mbili, akafungia juu yake pete zilizotolewa kwenye pipa bovu la lami, akachora mistari kwa majivu, akaanza kuwafundisha wasichana wa mtaa mpira wa pete. Siwema akawa mfungaji. Zamda akawa senta, yule mchezaji anayekimbia kote kugawa mipira lakini haruhusiwi kufunga hata mmoja.

Mwanamkuu hakuujua mchezo, ila masikio alikuwa nayo. Kila Jumamosi watu walipotoka kiwanjani alisikia watoto wakipita nje ya ukuta wakiimba jina la Siwema. La Zamda hakuna aliyeliimba. Wafungaji ndio huimbwa, na yeye hakuna aliyemweleza kuwa aliyempa mfungaji mpira ni mwanawe. Zamda alirudi kajaa vumbi, anacheka, anamsifu dada yake, na mama mtu alijisikia kama ametukanwa mbele za watu.

*

Ilikuwa mwaka wa njaa na unga wa njano wa msaada, mwezi wa tisa, jua la Tabora limekausha hata mate, na Ramadhani imeingia siku kumi. Mwalimu Getruda alikuja na balozi wa nyumba kumi, Mzee Omari, wakakaribishwa jamvini. Balozi alitangulia kusema juu ya chama na wajibu wa vijana, kisha akamwachia mwalimu neno lenyewe. Kutoka Dar es Salaam angekuja mama mmoja aitwaye Bibi Lugembe, wa shirika la umma lenye timu yake ya wanawake. Alikuwa akizunguka mikoani kutafuta wachezaji. Atakayechaguliwa angeajiriwa, angefundishwa kazi ya kupokea simu, angelala bwenini kwa shirika, na angelipwa mshahara kama mtu mzima. Siku ya kuangaliwa ilikuwa Alhamisi, saa kumi jioni, Cheyo wakicheza na wasichana wa Itetemia.

"Anachukua wangapi?" Mwanamkuu aliuliza.

"Kwa Tabora mmoja tu, mama."

Mwanamkuu alitazama chini asionekane uso. Mmoja. Hapo hapo alimwona Siwema amevaa viatu vya kisigino kwenye jumba la ghorofa, na Zamda wake anateka maji Cheyo mpaka meno yamtoke. Mwamvita alikuwa akimnyonyesha kitinda mimba wake wa miezi mitatu. Alisema kwamba Dar es Salaam ni mbali.

Mabruki alizikuna ndevu zake. Mwishowe alisema hatawazuia watoto riziki, ila ana sharti. "Mwezi huu ni wa Mungu. Atakayekunywa hata funda la maji kwa ajili ya mpira, karatasi yake ya ruhusa mimi siweki sahihi." Mwalimu Getruda alijaribu kuuliza kama mchezo hauwezi kuhesabiwa safari, maana alisikia msafiri huruhusiwa kula. Mabruki alimwangalia kwa upole, akasema kutoka Cheyo mpaka nyuma ya shule si safari.

*

Alhamisi iliangukia zamu ya Mwanamkuu. Hakuiomba, ilikuja yenyewe kwenye hesabu ya siku mbili mbili, na hilo nalo alijisemea baadaye mara nyingi.

Mwenye zamu mwezi wa Ramadhani ndiye anayeamka kabla ya watu wote, anapasha daku, kisha anapita kila mlango akigonga. Hapo nyumbani hakukuwa na saa wala kengele: mtu alimwamini mwenye zamu akalala fofofo. Mwamvita hakuwa anafunga kwa sababu ya kunyonyesha, kwa hiyo chumbani mwake aliyepaswa kuamshwa ni mmoja tu, Siwema, aliyelala chini kwenye mkeka karibu na kitanda cha mamaye.

Mwanamkuu alipasha wali na kunde, akaweka na kibakuli cha asali kwa siku ile ya kazi. Alimtikisa Zamda bega mpaka akakaa. Alimpelekea Mabruki sinia lake. Kisha akavuka ua mpaka mlango wa Mwamvita, akanyanyua mkono, na hapo mkono ukamwia mzito. Alifikiria wiki sita. Alifikiria jina linaloimbwa nje ya ukuta. Akagonga kwa kidole kimoja, mara moja, kwa ncha, kama mtu anayejaribu kama rangi imekauka. Hakuita jina. Akasimama kidogo ili siku ya kuulizwa aweze kusema kwamba aligonga na akangoja. Akarudi jikoni.

Zamda, macho yamejaa usingizi, aliuliza Siwema yuko wapi.

"Keshakula, karudi kulala. Kula mwanangu, una kazi leo."

Na Zamda akala, na asali ya Siwema akaila yeye.

Kulipopambazuka vizuri Siwema alitoka chumbani ametahayari, kanga imemkaa upande. Alikuja moja kwa moja kwa Mwanamkuu, akapiga goti. "Shikamoo, Mama Mkubwa. Unisamehe, usingizi umenizidi. Sikukusikia kabisa."

"Marahaba. Niligonga."

"Najua uligonga, Mama Mkubwa. Kosa langu."

Mwanamkuu angeweza kustahimili matusi. Angeweza kustahimili hata Mwamvita kusimama uani na kumwita mchawi, kwa sababu angekuwa na la kujibu. Msamaha ule alioombwa yeye, asubuhi na mapema, na mtoto mwenye njaa, ulimkera kuliko yote. Alimwambia akateke maji. Nyuma yake Zamda alikuwa amesimama na ufagio mkononi, hafagii.

*

Saa kumi kiwanjani hapakuwa na pa kusimama. Wake wawili wa Mabruki walikaa jamvi moja chini ya mwavuli mmoja, maana nyumbani kwao mwavuli ulikuwa mmoja, na aliyewaona alisifu jinsi wanavyopatana. Bibi Lugembe alikaa kwenye kiti cha shule, mwanamke mpana mwenye miwani, daftari gotini. Wasichana wa Itetemia, wengi wao Wakristo wa mashambani, walikunywa maji kwenye kata kabla ya filimbi. Siwema aligeuza uso asiyaone.

Mwanzoni Mwanamkuu aliona kama hakutokea kitu. Siwema alifunga mara tatu mfululizo na watoto wakaanza wimbo wao. Mwanamkuu alijisikia kuchanganyikiwa: nafuu kwamba hajamdhuru mtu, na uchungu kwamba hajamdhuru. Aliyashika yote mawili kifuani na hakuona aibu yake, kwa sababu macho yalikuwa kwa daftari la Bibi Lugembe, akiangalia ni mara ngapi kalamu inaandika.

Walipopumzika, Mwalimu Getruda alimletea Siwema maji. Alikataa. Akasukutua tu kinywa na kutema, kisha akatazama watu kwa hofu, asije mtu akampelekea babaye habari kwamba amemeza.

Kipindi cha pili miguu ilimwisha. Alitoka nje ya duara la wafungaji kupokea mpira, akachelewa. Akatoka tena, mlinzi wa Itetemia akamnyang'anya. Akarusha mmoja ukagonga nguzo. Wimbo wa watoto ukafifia. Mwanamkuu alijiegemeza mbele. Sasa, mwanangu, alisema moyoni, mpe yule mfungaji mwingine, mwache huyu, wakuone.

Zamda alimtazama dada yake mara moja tu. Kuanzia hapo alicheza mchezo mwingine. Kila mpira aliudai yeye. Alikimbia kumlinda aliyepaswa kulindwa na mwingine, akarudi kupokea, akagawa pembeni, akaupokea tena, mpaka akafika kwenye mstari wa duara ambao senta haruhusiwi kuupita, na hapo akamwekea Siwema mpira kiganjani, taratibu, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Siwema hakulazimika kutembea hata hatua mbili. Alinyanyua mikono tu na kuachia. Ukaingia. Ukarudi tena vilevile, ukaingia. Zamda alikuwa amelowa jasho mpaka sketi imemganda, midomo imepauka, na kila alipopita mbele ya jamvi la mama zake hakugeuza kichwa.

Cheyo walishinda kwa bao moja. Filimbi ilipolia Siwema alipiga magoti palepale kwenye majivu, kisha akalala. Mwamvita alimtupia Mwanamkuu mtoto mchanga mapajani na kukimbia. Walimburuta Siwema mpaka kwenye kivuli cha ukuta wa darasa, wakampepea. Aliyakaza meno yake mbele ya kata ya maji mpaka adhana ya magharibi.

Bibi Lugembe hakupoteza muda. Alimwita Mwalimu Getruda na wazazi pembeni, akavua miwani na kuifuta.

"Wafungaji warefu ninao tayari," alisema. "Huyu mfupi ameona mwenzake amekwisha kabla hata mwalimu wake hajaona, na hakumwacha. Mimi sijui kumfundisha mtu hilo. Namchukua huyu."

Zamda alisema wamchukue Siwema. Alisema dada yake siku nyingine zote ni bora kuliko hivi, leo ameshinda njaa. Bibi Lugembe alimjibu kwamba wote walioko pale na saumu zao wameshinda njaa, na nafasi ile si sahani ya kupokezana: asipokuja yeye, atachukuliwa senta wa Itetemia. Siwema, mgongo ukutani, ndiye aliyemaliza maneno. Alimwambia Zamda asiwe mjinga, aende.

Mwanamkuu alikuwa bado amempakata mtoto wa Mwamvita. Alichokitaka kilikuwa kimesemwa mbele ya mji mzima, kwa sauti, na mtu mwenye miwani. Alingoja furaha.

*

Zamda aliondoka baada ya Idi. Stesheni palikuwa na watu wa kila namna, wengine wakihamishiwa vijiji vipya, na kuku, na magunia. Mabruki alimpa binti yake mkeka wa kuswalia na maneno mengi. Mwamvita alimpa karanga. Siwema alimpa raba zake za mchezo, ingawa zilikuwa kubwa, akasema azijaze kitambaa mbele.

Mwanamkuu alipata dakika mbili naye kwenye dirisha la behewa. Alitaka kumwambia ajitunze, lakini Zamda alitangulia.

"Mama, siku ile uliniambia Siwema keshakula."

"Nilidhani, mwanangu."

"Sijamwambia," Zamda alisema. "Wala sitamwambia. Naogopa atasema haidhuru."

Akafunga dirisha kwa sababu ya vumbi, na gari moshi likaondoka naye.

Nyumbani, siku zilizofuata, Mwanamkuu alikuja kuona ushindi wake ulivyo. Mkeka wa Zamda ulikuwa umekunjwa pembeni. Zamu yake ikifika, alipika peke yake, na asubuhi hakuna wa kumwambia afagie. Ng'ambo ya ua mlango wa Mwamvita ulikuwa wazi, na humo mama na binti walisukana, wakachambua mchele, wakacheka na mtoto. Siwema alirudi kiwanjani, akawa anamsaidia Mwalimu Getruda kufundisha wadogo, na jioni alirudi na hadithi zake kwa mamaye. Wivu ambao Mwanamkuu alidhani utakufa ukanona zaidi. Zamani alimwonea Mwamvita wivu kwa kutangulia. Sasa alimwonea kwa kubaki na mtoto. Alijiuliza kama kuna siku yoyote ambayo mwanamke yule hatakuwa na kitu alichokitaka yeye.

*

Mwezi wa kumi na mbili, mvua zimeanza, alikuja Yahaya wa reli na kifurushi kutoka Dar es Salaam. Mwanamkuu alinyoosha mikono. Yahaya alisoma juu ya karatasi, akajikohoza, akasema samahani mama, hapa imeandikwa jina la Bi Mwamvita.

Ndani kulikuwa na doti mbili za kanga, mwaka ambao kanga ilikuwa ya kusikia tu, na barua. Wake wawili walikaa barazani na Siwema akawasomea. Zamda alisalimia kila mtu. Alisema kazi ya simu ameiweza, mguu mmoja uliumia ukapona, na amepata mshahara wa kwanza. "Mama Mdogo," Siwema alisoma, "kanga hizi ni zenu wawili. Chagua wewe kwanza. Itakayobaki mpe mama."

Siwema aliisoma mara ya pili kwa macho, kimya. Katika nyumba ile, tangu mabinti wazaliwe, hakuna kilichowahi kugawanywa bila mke mkubwa kuchagua kwanza: nyama, vyungu, hata vitambaa vya Mabruki.

"Mbona amegeuza?" aliuliza. "Mama Mkubwa, mbona Zamda amegeuza?"

Mwamvita alimtuma aende kwa jirani akachote maji. Siwema alisema mtungi umejaa. Mwamvita alimwambia aende vilevile.

Kanga zilikuwa katikati yao, moja nyekundu yenye maua ya korosho, nyingine ya kijivu, ya kawaida. Mwanamkuu aliitazama nyekundu. Alihisi uso unawaka kama aliyevuliwa nguo barabarani, na mvuaji ni mwanawe mwenyewe, kwa mshahara wake wa kwanza. Hakuwa na nguvu ya kutunga jingine.

"Chagua, Mama Siwema. Mtoto anajua asemalo. Alfajiri ile sikugonga kugonga kwa kuamsha. Niligonga kwa kidole kimoja."

Mwamvita hakushtuka. Aliikunjua ile nyekundu, akaipima upindo, akaikunja tena.

"Nilisikia, Dada."

"Ulisikia nini?"

"Kidole. Nilikuwa macho, nanyonyesha. Nikasikia unavyosimama, nikasikia unavyoondoka." Aliongea polepole, akiangalia mlangoni. "Ningenyoosha mguu tu ningemgusa akaamka. Sikunyoosha. Ningemwamsha, angekula, angecheza vizuri, wangemchukua. Huko mbali mimi ningemwona lini tena?"

Mvua ilikuwa ikidondoka kwenye bati. Mwanamkuu akapiga hesabu. Alikuwa amebeba dhambi ile miezi mitatu, ameilala na ameiamkia, na kumbe nusu yake ilikuwa ya mwenzake, na mwenzake ndiye aliyefaidi. Yeye alitaka wake aende, akaenda. Mwamvita alitaka wake abaki, naye yupo. Aliyeulizwa anataka nini hakuwapo: alikuwa kisimani, anachota maji yasiyohitajika.

Siwema alirudi na ndoo kichwani, amelowa, akaitua. Alikuwa hajasahau. Akafuta uso, akauliza tena ni kwa nini Zamda amemwambia mama achague kwanza.

"Amekosea tu kuandika, mwanangu," Mwamvita alisema. "Haraka za mjini." Akamsogelea, akamkausha shingo kwa upindo wa kanga mpya, ile nyekundu, na Siwema akainama ili mamaye amfikie, akacheka, akaamini.

Mwanamkuu aliichukua ya kijivu mapajani. Aliwatazama wale wawili, na wivu ukampanda upya, mkali kuliko wa wiki sita na kuliko wa nyimbo za kiwanjani. Mwamvita alikuwa na mtoto wa kumdanganya.